Mbwa Asiyetulia

Dada yangu,

Umeandika kwamba "mbwa asiyetulia hafai penye farasi, tutakuja kumchukua tulikomtoa." Upuuzi mtupu! Siku ya kwanza alimbwekea farasi mzee, akashuhudia teke likirusha ndoo hadi paani, adabu ikamwingia papo hapo. Sasa farasi akiinua mguu tu, yeye huketi. Mbwa mvivu angejifunza lini?

Nguvu zinazobaki anazimalizia kwa Baba. Tangu aangushwe na farasi, Baba alikataa kabisa kutoka chumbani. Jana mbwa alimpokonya blanketi akakimbia nalo bandani. Baba akamfuata na mkongojo: "Mwizi wewe!" Alipofika akatugombeza sote kwamba kwato hazijasafishwa.

Basi wewe na shemeji msithubutu kuja kumchukua mbwa. Njooni na blanketi. La Baba limebaki nusu.

Ni mimi, mdogo wako