Ndege Mmoja Aliyebaki Darini

Chumba cha ghorofani,
Juu ya duka la matairi,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi. U hali gani? Goti je, bado linakusumbua kwenye ngazi, au mazoezi ya yule mama wa hospitali yameanza kusaidia? Na macho? Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, usije ukampa mtu mwingine akusomee. Barua hii ni yako peke yako.

Mimi ni mzima kabisa. Mikono haina neno, kifua kimetulia, na kula nakula mpaka majirani wanashangaa. Tena nikuambie ukweli, sijawahi kulala vizuri kama siku hizi. Sababu utaiona hapo mbele, na najua hutaipenda.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Unaniomba nimsamehe mwanao. Unaniomba pia nikubali majina mawili, lake na langu, yaandikwe kwenye kibao pale ukumbini, eti wale ndege tuliwatengeneza pamoja. Msimamizi wa ukumbi anataka jibu Jumatatu. Na wewe nitakujibu, ila kwanza kaa, vaa miwani, usikie habari kutoka kwangu. Ya huyo Mtanashati wako umeshaisikia, na sote tunajua anavyopiga chuku.

Maisha yangu ni yale yale. Asubuhi naandika na kuchora vibao vya maduka, mchana nashona na kubandika vitu vyangu, na mwisho wa wiki napiga gitaa na yule mpiga ngoma mwenye kigugumizi, ambaye akishika ngoma kigugumizi kinamwacha. Chumba kimejaa hadi kitanda nimekibana ukutani ili meza ienee. Baba Matairi, mwenye duka la chini, hunifokea nikidondosha rangi kwenye ngazi, halafu jioni ananiletea nyaya za matairi chakavu bure. Bila nyaya hizo nisingekuwa na ndege hata mmoja.

Hebu nikueleze hao ndege, maana hujawahi kuwaona kwa karibu. Nasuka kiunzi cha nyaya, nakivika magazeti kwa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, kila moja nalianika juani pale kibarazani mpaka likauke. Mbawa nazishona kwa kitambaa. Kifuani naweka kifilimbi cha tete la mtoni nilichokikata mwenyewe. Mwisho ndiyo rangi, unyoya kwa unyoya, na hapo hata Baba Matairi hathubutu kunigongea mlango. Upepo ukipita, ndege anatoa sauti yake moja. Ukiwatundika wengi pamoja, wanakuimbia wimbo, na wimbo wenyewe nimeutunga mimi.

Unakumbuka watu walivyokuwa wakiniandama: wewe ni mchoraji, mwanamuziki au fundi, si uchague moja utulie? Mama mkwe mtarajiwa yule, Mungu amweke mbali nami, alisema nina vidole kumi na kazi kumi na moja. Basi ndege wale ndio walikuwa jibu langu. Ndani yao kuna rangi zangu, muziki wangu na mshono ulionifundisha wewe. Sina kitu kingine duniani kinachoniambia mimi ni nani kama wale ndege.

Sasa mwanao. Ulipoondoka ulituambia tuangaliane, nami nikamwangalia. Nilipochora ukuta wa zahanati, alikuja na shati lake jeupe kunishikia ngazi. Nikaenda kunawa mikono, kurudi nakuta ametia sahihi yake pembeni mwa picha. Nikacheka, nikasema utani wa binamu. Halafu wimbo wangu wa kubembelezea watoto akauimba kwenye arusi ya bosi wake, akapigiwa makofi, akainama kama mtunzi. Hapo sikucheka, ila nilinyamaza, nikijiambia huyu ni damu yangu na mama yake ndiye aliyenilea. Kumbe mwenzangu kunyamaza kwangu anakuona ubwege.

Ndipo akaja na habari ya ukumbi mpya wa muziki, kwamba wanatafuta pambo la dari. Akaomba ndege mmoja akawaonyeshe wakubwa. Akasema mimi nisiende, nitaropoka nikaharibu. Nikampa yule mkubwa wa bluu, niliyemshughulikia msimu mzima wa mvua. Nikasubiri. Siku moja napita zangu na debe la rangi, nakuta tangazo ukutani: picha ya ndege wangu, na chini yake jina la Mtanashati, msanii. Shangazi, nililiweka debe chini. Nilikaa pale pale ukingoni mwa barabara, mtu mzima mimi, wapita njia wakidhani nimegongwa na pikipiki.

Nilimfuata kwake. Hakuona haya wala soni. Alinipapasa bega, akaniambia jina ni jina tu, mradi kazi imeingia kwenye ukoo. Tena alikuwa ameshaajiri mafundi wawili, wanatengeneza ndege wengine kumi na mmoja wa kumzunguka yule wangu. Nyaya, magazeti, unga, vyote alivijua, kwa sababu ameniangalia nikifanya kazi miaka yote akiwa amekaa kitandani kwangu anakula karanga zangu.

Siri ya gundi hakuijua. Kila asubuhi nachemsha sufuria ya majani ya mwarobaini, na maji hayo ndiyo nakorogea unga wa gundi. Gundi tupu ya unga ni karamu ya panya na mende. Ukiitia uchungu huo, hakuna anayeionja mara mbili. Mwanao sufuria ile ameiona, harufu ameisikia, na alichofikiria ni kwamba nina homa. Haki ya Mungu tena! Alidhani nakunywa. Alikuwa akinipa pole kwa mbali, asinisogelee akiwa na shati jipya, na siku moja akaniletea machungwa mawili nipone upesi. Hakuwahi kuniuliza naumwa nini hasa. Angeuliza, angejua. Nami nikayala yale machungwa, nikamshukuru.

Siku zilipokaribia za kufungua ukumbi, akaniita stoo ya ukumbi nimsaidie macho ya ndege wake, maana mafundi walikuwa wameyachora kama vifungo vya koti. Nikaenda. Usiniulize kwa nini. Nadhani nilitaka tu kumwona ndege wangu. Msimamizi wa ukumbi akaingia, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba, akauliza mimi ni nani. Kabla sijafungua mdomo, mwanao akajibu: huyu ni dada mmoja ananipikia gundi.

Dada mmoja. Hata ubinamu aliniona sistahili.

Niliinamisha uso ili yule mama asione machozi, na kwa kuinama ndipo nikaona sakafu. Chini ya ndege wake kulikuwa na chembechembe za karatasi, na katikati yake mavi ya panya. Nikainua bawa moja, nikakuta tundu linaingia kiganja. Mwanao akaniuliza lile vumbi ni la nini. Nikamwambia ni kawaida, karatasi ikikauka hupukutika. Kisha nikachukua brashi nikawachorea ndege wake macho mazuri sana, makubwa, waone vizuri kinachowajia.

Najua unasema ningemwambia. Ndiyo, ningeweza. Sikutaka. Na usinitafutie udhuru kwamba nilikuwa na uchungu au nilipitiwa. Nilikuwa na akili zangu timamu, nikaenda nyumbani napiga mluzi njia nzima.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi moja alasiri, mwezi uliopita. Nilivaa lile gauni la zambarau, nikamchukua mpiga ngoma, tukakaa mstari wa mbele. Mwanao kasimama jukwaani, viatu vinang'aa, anawaeleza watu jinsi ndege walivyomjia ndotoni. Ndotoni! Mpiga ngoma alinishika mkono nisiruke. Halafu wakawasha feni ili ndege waimbe.

Wa bluu akaimba. Wengine kimya, kwa sababu filimbi hajui zinakatwaje, katia tu vipande vya mrija. Watu wakawa wanatazamana. Kisha mdomo mmoja ukadondoka. Ukafuata mkia, ukafuata mwingine, bawa zima likatua mapajani mwa mgeni rasmi. Ndani walikuwa wameliwa wote, yamebaki maganda ya rangi, na feni zikawamaliza. Mzee mmoja nyuma yetu alifungua mwavuli. Mama fulani akapata kichwa kizima kwenye mkoba. Nami nilikaa nimekunja mikono, nimetulia kama maji mtungini, kila kipande kikianguka nasema moyoni, hicho cha zahanati, hicho cha arusi, hicho cha tangazo.

Walipozima feni, yule wa bluu alikuwa bado yuko juu, mzima, hana hata mchubuko. Msimamizi akamuuliza mwanao imekuwaje huyu amepona. Nakuapia, Shangazi, kama angesema ukweli wakati ule, ningemwacha. Lakini akanyoosha kola, akasema: "Huyo nilimtengeneza kwa uangalifu zaidi."

Nikasimama. "Gundi yake ulipikia nini?"

"Unga na maji, kama gundi zote."

"Basi panda ngazi umlambe mkia."

Watu wakaangua kicheko, halafu ukumbi mzima ukashika, alambe, alambe! Mafundi wakaleta ngazi, naamini kwa furaha. Akapanda na lile shati jeupe, akautoa ulimi, akalamba. Ule uso, Shangazi, nitauchora siku moja. Akatema, akanigeukia huko huko juu, akapayuka mbele ya umati: "Kumbe ile dawa yako ya homa!"

Mimi nikakaa chini. Alijimaliza kwa mdomo wake mwenyewe, na roho yangu ikasuuzika. Msimamizi alivua miwani, akaivaa tena, akaniomba niende ofisini kwake. Kazi sasa ni yangu, dari lote, na wimbo utapigwa siku ya kufungua upya, mimi na gitaa langu chini, ndege juu. Ndiyo maana hapa nyumbani hakuna pa kukanyaga. Ndege watatu wamekauka, wa manjano namchora leo, na Baba Matairi anawaambia wateja kwamba yeye ndiye muuza nyaya rasmi wa ukumbi.

Sasa jibu lako. Ni hapana. Kibao kitakuwa na jina moja. Unasema mwanao anajifungia ndani, hali, hapokei simu. Ajifungie. Akitaka kuniona, anajua ngazi zangu zilipo. Hajaja hata kunitukana, amekutuma wewe mwenye goti bovu, umpandie mlima asiotaka kuupanda.

Hayo yalikuwa rahisi kuyaandika. Hili linalofuata nimeliacha na kulirudia tangu asubuhi.

Katika barua yako unasema ile video ya ufunguzi binti yako alikuonyesha kwenye simu. Unasema uliitazama yote, na pale pa kulamba ulicheka mpaka ukakohoa. Kwa hiyo ulimsikia kwa masikio yako. Ulijua. Halafu ukageuza ukurasa ukaniandikia: nisaidie kuokoa ndege wa mwanangu. Chini yake tena: ndege wa mwanangu walimgharimu sana. Na mwisho kabisa, baada ya kuniombea dua, tena: ndege wa mwanangu. Mkono haukusita hata mara moja, nimeangalia wino.

Yeye aliniibia, na sikutegemea kikubwa kutoka kwake. Wewe ndiye uliyenishikisha sindano. Wewe ndiye uliyekuwa ukibandika michoro yangu jikoni kabla sijajua kuandika jina langu, na mgeni akiuliza unasema ni ya mtoto wangu huyu. Nilikuwa mtoto wako nikichora jikoni. Leo napamba dari la ukumbi, umeniita nani?

Sitaki unitetee kwenye ukoo, wala sitaki umgombeze. Nataka uniandikie, kwa mkono wako ule ule, kwamba ndege ni wangu. Hilo tu. Picha za ndege ulizoniomba sitatuma mpaka nilipate neno hilo, na wimbo sitakurekodia. Wengine wote watausikia ukumbini. Wewe utausikia siku utakaponiandikia.

Nisalimie dada, mumewe, na yule mjukuu wako mwenye meno mapya, mwambie namtengenezea kifaranga. Mtanashati akipokea simu, naye msalimu. Mwambie shati lake moja jeupe lilibaki kwangu, na linafuta brashi vizuri ajabu.

Mungu akulainishie goti na akulinde na baridi ya huko. Nakuombea kila siku, sijaacha, hata wiki hii.

Kwa mwanao nimeshamaliza. Kwako bado.

Ni mimi nikupendaye na huku nimenuna,
Chiriku