Kahawa Iliyonuka Dagaa

Tabata, Dar es Salaam

Kaka Byarugaba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu umenitangulia kuzaliwa, lakini usidhani nimetulia. Mgongo wako unaendeleaje, na watoto wameacha kukohoa? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inachemka. Nimekupigia tangu Jumatatu, simu inaita mpaka inakata. Ujumbe umeusoma, ukanyamaza. Basi soma na karatasi hii, nimempa kondakta wa basi la Karagwe akufikishie mkononi.

Mama alinipigia Jumapili analia. Alipeleka mkungu wake wa ndizi kanisani kama kawaida, ukanadiwa baada ya ibada, na hakuna hata mtu mmoja aliyenyanyua mkono. Mnadishaji akataja bei, akashusha, akashusha tena, watu wanatazama viatu vyao. Mwisho mchungaji akaununua mwenyewe kwa kuona aibu. Ndipo Mama akaniuliza, "Waitu, mwanangu Kemi, ni kweli ulitutumia gari la samaki?"

Gari la samaki! Nikamhoji mpaka akanieleza yote.

Kumbe ile kahawa iliyokataliwa huku ghalani kwa kunuka dagaa ni ya kikundi chenu cha wakulima, jasho la msimu mzima la watu wa Nyakakika. Na wewe, mwenyekiti, ukasimama mbele ya wanakikundi ukasema gari alilitafuta Kemilembe. Kaka, ulipata wapi ujasiri huo?

Miaka tisa nimekuwa dalali wa malori, na unajua ninavyofanya. Dereva akitaka kubeba kahawa namuuliza: umetoka kubeba nini? Akisema saruji, namuuliza: na kabla ya saruji? Hapo ndipo wengi huanza kumeza mate, maana kahawa inavuta harufu, na harufu ya dagaa haitoki kwenye mbao kwa safari moja. Gari likifika hapa napanda mwenyewe kwenye bodi, nainama, nanusa, na aliyenidanganya hapati mzigo wangu tena. Madereva wananiita Mama Pua. Waniite! Hakuna gunia la Nyakakika lililowahi kukataliwa mikononi mwangu.

Mwaka huu bosi akaleta mfumo wa simu. Mwenye mzigo anaandika uzito na mahali ulipo, dereva aliye karibu anabonyeza kukubali, basi, imeisha hiyo. Madalali wenzangu wote wakaambiwa hawahitajiki. Mimi nikabakizwa kupokea malalamiko, nashinda na simu sikioni nikiwaomba watu radhi kwa makosa ya kitu kisicho na pua. Mfumo ule unajua tani, haujui dagaa. Ukaona lori tupu kule Nkwenda, limeshusha dagaa sokoni asubuhi ileile, ukaona Nyakakika si mbali, ukawaunganisha. Mvua ikawafanya wafunge turubai kila upande, na kahawa ikasafiri na harufu hiyo mpaka Dar.

Bosi nimeshamwambia usoni. Nikamwambia hata swali la kuongeza kwenye simu yake ni lipi, akacheka, akasema swali likizidi wateja wanachoka.

Sasa nije kwako. Nilifungua mzigo ule kwenye kompyuta ya ofisi. Jina lako liko pale, na namba yako. Uliagiza gari mwenyewe Jumamosi asubuhi, wiki mbili zilizopita, kwa kuwa bei ilikuwa chini kidogo na hukutaka dada yako akusumbue kwa maswali. Hata nyota tano umempa dereva, gari halijaanza kushuka mlima! Ulisimama nyuma ya bodi lile, Kaka. Pua unayo. Najua ulinusa, ukajiambia simu imeshakagua.

Hilo ningekusamehe. Kila mtu siku hizi anaiamini simu kuliko macho yake, na wewe si wa kwanza. Lakini kunisingizia mimi, halafu ukakaa kanisani ukatazama Mama anavyoaibishwa na usiseme neno! Hapana. Hapo umenikosea vibaya sana.

Mwisho wa mwezi huu hata kazi ya malalamiko inaisha, eti mfumo utajibu wenyewe. Nilikuwa najiandaa kurudi nyumbani, niwatafutie watu wetu magari kwa namna ninayoijua, kuanzia Nyakakika mpaka Kanoni na Bweranyange. Sikuweka akiba nyingine, nilikuwa na jina langu tu. Nitarudi kufanya nini, kama watu hawataki hata ndizi za mama yangu?

Kikundi kinakutana Alhamisi. Simama useme gari lile uliliagiza wewe. Wakikuvua uenyekiti, wakuvue. Uenyekiti utaupata tena, mimi jina nikilipoteza sina pa kulitafuta.

Msalimie wifi yangu, mwambie kitenge chake nimekipata. Msalimie shangazi wa kule mtoni. Na katibu wenu, yule mzee anayepima ukavu wa kahawa kwa kuitafuna, mpe shikamoo yangu ya peke yake, maana nasikia ndiye aliyesema Kemi hawezi kufanya hivyo. Mtu baki, Kaka, ndiye aliyenitetea.

Mama usimsomee barua hii. Kaa mbele yake, mwambie kwa kinywa chako.

Mdogo wako, ambaye hakulituma gari lile,

Kemilembe