Yaya, Niliandika Karibu

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Kijiji chetu sasa ni "mbali sana". Nimekibadilisha kwa kalamu yangu mwenyewe, wiki tatu baada ya kukuzika. Furahi basi, ulichoomba umekipata.

Unakumbuka ulivyonifuata bureau, ofisini kwetu Butembo tunakoandikia vijiji vya kupelekewa wakunga, na mimba ya miezi minane? Askari walikuwa wamefunga barabara ya Eringeti, watu wanazungukia porini. Ukasimama mbele ya meza yangu: "Mudogo wangu, andika kwetu ni mbali. Bakitia mbali sana, batatuletea mukunga." Nikakucheka, wenzangu wakisikia. Nikakuonyesha fishi, karatasi ya kijiji chetu: kutoka kwetu hadi kituo cha afya, mwendo wa saa moja. Donc, ndiyo kusema karibu. Kila mwaka chef, mkubwa wetu wa kazi, alituambia tubadilishe idadi ya watu tu, masaa tuyaache. "Mulima hapana hamaka," alisema, yaani mlima hauhami.

"Ile saa moja, nani alipima?" ukauliza.

Nikairudisha fishi kwenye faili. Hakuna aliyepima, yaya. Niliiandika nimekaa kwenye kiti, kwa kumbukumbu, tulivyokuwa tukishuka mbio kwenda misa pale kando ya kituo, umenishika mkono, watoto wawili wasio na mzigo. Mpumbavu mimi.

Uchungu ulipokushika, ulitoka alfajiri kwenye kipoyi, machela ya miti, wanaume wanne wamekubeba. Jua lilizama mngali porini. Mtoto alitangulia, wewe ukamfuata.

Mukunga amekuja kweli. Wamempa nyumba yako, maana mume wako alishakimbilia Beni. Jirani yako Katungu amejifungua salama chumbani mwako, na watu wakaniita ili wanishukuru. Nilikwenda. Nilikula kuku wao. Kwenye fishi mpya kuna nafasi ya kueleza sababu ya mabadiliko. Niliandika "barabara imefungwa". Jina lako sikulitia.

Lakini Mama ndiye anayenimaliza. Mukunga alimweleza kwamba tungeandikwa vizuri mapema, ungekuwa hai. Tangu hapo kila Jumapili, akimaliza rozari, anaomba kwa sauti: "Mungu, ule mutu aliandika saa moja, mukono yake ioze." Nami nimepiga magoti kando yake, ninaitika Amina.

Lala, yaya. Sikuombi unisamehe, ningekuwa wewe, nisingesamehe. Jumapili hii sitaitika. Nitauweka mkono huu mapajani mwa Mama, nimwambie ndio wenyewe.

Mudogo wako,
Kambale