Hatua Kumi na Moja za Baba

Chumba cha Cherehani,
Nyumba ya Nyuma ya Uwanja.
Jumanne, tarehe 17 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Pokea salamu za watu wote wa nyumba hii, pamoja na za paka, ambaye bado analala juu ya vitambaa vya wateja wangu kama vile ndiye aliyevinunua. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na wanangu wawili. Kifua chako je? Wifi alituambia kwamba baridi ya huko imekukalia kifuani, na kwamba lile koti nililokushonea umelitundika mlangoni kama pazia. Kaka, koti halimtibu mtu likiwa msumarini. Livae.

Sisi hatujambo. Mama miguu inamvimba ikifika jioni, lakini mdomo hauna tatizo lolote, na ungemsikia jana akigombana na muuza mkaa ungejua kwamba bado tunaye sana. Mimi nimeanza kuvaa miwani ya kutungia uzi, kwa hiyo siku hizi Mama ananiita Mwalimu Mkuu. Baba ndiye aliyenifanya nichukue kalamu. Usishtuke, haumwi na hajalazwa.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu inakaa sebuleni, na Baba naye anakaa sebuleni. Tena haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, na ukinisikia nalia utadhani kuna msiba ukate tiketi. Kwa hiyo bandika maji ya chai, kaa, usome taratibu.

Matokeo unayajua, maana ulituma ile picha ya mtu anayelia. Mechi ya mwisho, nyumbani kwetu, ushindi tu tupande daraja, na tukatoka sare ya bao moja kwa moja. Huu ni mwaka wa nne tunaishia mlangoni. Dakika ya themanini na sita tulipata penalti. Akapiga Kisigino, yule mchomeleaji wa mageti aliyejiunga na timu baada ya wewe kuondoka, na mpira ukapaa juu ya mtambaapanya, ukavuka ukuta wetu, ukatua kwenye kamba ya nguo katikati ya mashuka ya Mama. Mama aliufungia kabatini. Alisema mpira usio na adabu hauwezi kurudi uwanjani kabla ya kuomba radhi.

Unawajua watu wetu. Siku ya kwanza ilikuwa zamu ya refa kulaumiwa, siku ya pili kocha, na kuanzia siku ya tatu ikawa Kisigino peke yake. Kijana wa watu alifunga karakana siku nne. Mteja mmoja alikwenda kudai geti lake akamwambia aangalie asije akalichomelea juu ya paa. Nilimwonea huruma sana, kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo wengine hawakulijua, na sikusema.

Sasa sikiliza. Unakumbuka kwamba mistari yote ya uwanja ina vigingi vya chuma vilivyozikwa ardhini, na Baba anafuata vigingi tu anapomwaga chokaa. Lakini nukta ya penalti haina kigingi, mtu angekuja kuvunjika mguu. Hiyo hupimwa kila wiki. Enzi zako, kila Ijumaa alasiri, mlikuwa mkitoka stoo na ile futi ndefu ya kitambaa iliyo ndani ya kasha la ngozi, wewe ncha moja, yeye ncha nyingine, nami hapa dirishani nasikia sauti yake: "Shika, usivute!" Futi ya kitambaa ukiivuta inarefuka, na ikirefuka inasema uongo. Umri wako wote wa ujana ulifokewa maneno hayo mawili.

Ulipoondoka, Ijumaa ya kwanza Baba hakutoka kabisa. Ya pili nilimwona anasimama kwenye mstari wa goli, anahesabu hatua kumi na moja, anakanyaga kwa kisigino, anamwaga chokaa. Nikajisemea, mtu aliyetunza uwanja miaka thelathini na moja, hatua zake ni futi tosha. Mimi, Kaka, ninayeshinda na futi shingoni kuanzia asubuhi, sikuwaza kumuuliza.

Miaka tisa imepita. Wewe ukimwona kwenye simu unamwona ameketi, hujamwona akitembea. Nyonga ya kulia imekufa ganzi na hatua zake zimekuwa fupi, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Na nukta ikawa inamfuata, inasogea golini kila msimu bila mtu kujua. Kisigino alikuwa amefunga penalti kumi na tisa hapa nyumbani bila kukosa hata moja. Ugenini amekosa tano. Tulisema upepo, tukasema viatu vipya, na Mweka Hazina akaapa kwamba kijana amelogwa na watu wa ng'ambo ya reli.

Asubuhi ya mechi, kwa kuwa ilikuwa ya kuamua daraja, kamisaa wa mechi alikuja na futi yake mwenyewe, ya chuma. Vigingi vyote vilikuwa sawa. Alipofika kwenye nukta alipima mara mbili, akamtazama Baba, na kwa heshima yake hakusema kitu. Alichora msalaba kwa ncha ya kiatu, nyuma zaidi. Baba akainama akamwaga chokaa pale, kisha akaifuta ile ya zamani kwa soli, polepole, kama mtu anayefuta jina ubaoni. Mimi nilikuwa hapa dirishani nikirudishia namba tisa kwenye jezi ya Kisigino, na sikuelewa nilichokiona. Nilielewa mpira ulipotua kwenye mashuka. Watu walipotawanyika niliingia uwanjani na futi yangu ya kushonea. Kati ya doa la zamani na nukta mpya kulikuwa karibu mita nzima.

Kesho yake Baba alikwenda kinyozini kwa Mwenyekiti wetu, akautundika ufunguo wa stoo kwenye msumari wa taulo, akatoka bila kunyoa. Kuanzia siku hiyo hakukanyaga uwanjani wiki nzima. Majani yakafika vifundoni. Alishinda kwenye kiti chake, uso ukutani, chai inapoa mbele yake. Mama alijaribu kumchokoza kuhusu mpira ulio kabatini, hakucheka. Nilikuwa namwogopea, Kaka, nakwambia ukweli. Nilikuwa nikiamka naenda kusikiliza kama anapumua.

Na huko nje maneno yakawa mengi. Kocha alifunga begi wiki ile ile. Winga wetu wa kushoto ameitwa kwingine. Watu wa ng'ambo ya reli wakaleta barua wakitaka tuungane nao tuwe timu moja, jina lao, jezi zao, uwanja wao. Wetu uachwe. Kinyozini ilikuwa vurugu tupu. Mwenyekiti alikuwa akimnyoa mtu upande mmoja, anaanza kubishana na wa kwenye benchi, anasahau upande wa pili. Wiki ile mji mzima ulikuwa na vichwa nusu nusu. Wengine wakasema bora kuungana kuliko kufa, wengine wakajibu kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Ikaamuliwa wanachama wote wakutane Jumapili, kwenye ukumbi wa shule, wapige kura.

Kaka, nilipiga hesabu yangu. Uwanja ukiachwa, Baba naye ameachwa. Ule uwanja ndio unaomwamsha asubuhi.

Jumapili hiyo nilimwambia nakwenda mkutanoni. Aliendelea kutazama ukuta. Lakini nilipofika getini nilisikia fimbo yake nyuma yangu, naye amevaa lile shati jeupe ulilomtumia. Tulitembea taratibu, na mtaa ule wa dakika tano ulituchukua robo saa.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Walisema wa kuungana, wakasema wa kubaki, na nikaona wazi kwamba wa kuungana wanazidi. Ndipo mtu mmoja akapaza sauti kwamba yote haya yameletwa na mchomeleaji asiyejua kupiga mpira. Baba akasimama.

"Nina neno dogo," akasema. "Mnamwonea kijana. Nukta yangu ilikuwa fupi. Miaka yote hii amefundishwa na nukta ya uongo, siku ya siku akapewa ya kweli. Aliyekosa penalti ni mimi. Nisameheni."

Nilitaka kwenda kumshika mkono nimkalishe. Halafu Kisigino akainuka kule nyuma, amekunja uso, nikasema moyoni, leo Mzee wangu atavunjiwa heshima mbele za watu.

"Mzee," akasema, "mimi nimefunga kumi na tisa kwenye nukta hiyo. Na hizo zirudishwe?"

Watu waliangua kicheko, Kaka! Kicheko kile cha watu waliokaa na kinyongo wiki nzima. Bibi mmoja akamgeukia Mweka Hazina, "Kumbe hakulogwa, ulikuwa unatusumbua bure!" Kisigino mwenyewe akaja mpaka mbele, akamkalisha Baba, akakaa sakafuni karibu naye.

Mwenyekiti ndiye aliyeuliza swali nililoshindwa kuuliza miaka tisa.

"Lakini Mzee, futi si ipo stoo?"

"Ipo."

"Sasa mbona hukuitumia?"

Baba aliangalia fimbo yake. "Futi ina ncha mbili," akasema. "Mwenzangu wa ncha ya pili alisafiri."

"Si ungemwita mtu yeyote?"

"Mtu yeyote anavuta."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mimi nililia pale pale, miwani ikaingia ukungu. Nadhani na Mwenyekiti alilia, ingawa anadai ni nywele zilizomwingia jichoni. Kura zilipopigwa, waliotaka tubaki wenyewe walikuwa sitini na mbili, na wa kuungana ishirini na mmoja.

Usidhani mambo yamenyooka. Kocha hatuna. Winga ameshaondoka, na kipa anasubiri barua ya kazi. Paa la jukwaa linavuja, na msimu ukianza leo sijui kama tutafikisha kumi na mmoja. Ndiyo hivyo, asiyekubali kushindwa si mshindani, tumekubali na tutaanza tena chini. Kisigino ameahidi kuchomelea jukwaa mwenyewe. Mama naye ameutoa mpira kabatini, ameuosha kwa sabuni ya mashuka, akaupeleka uwanjani kwa mkono wake. Hakutaka kusema kama uliomba radhi.

Jana asubuhi Mwenyekiti alileta ufunguo nyumbani. Baba aliuchukua, akaniangalia, akasema, "Wewe wa dirishani, una kazi?" Nilikuwa na suti ya bwana harusi na magauni mawili ya shule. Nikasema sina.

Tukaitoa futi. Kasha limeota ukungu, lakini herufi za jina lako ulizochora kwa kalamu bado zinasomeka, na Baba alizipangusa kwa kidole kabla ya kunipa ncha. Nikachuchumaa golini. Yeye akaenda na fimbo yake, na kasha mkononi, akasimama, akageuka, akapiga ile sauti, "Shika, usivute!" Sikuwahi kufurahi kufokewa kama jana. Doa la zamani limebaki mbele ya nukta, majani yamekataa kuota pale. Baba amesema tusipande kitu pale.

Kaka, sikuombi utume chochote. Viatu tunavyo, dawa za Mama zipo. Naomba jambo moja tu. Msimu unafunguliwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Kama huko wanaweza kukuachia siku chache, njoo uwe hapa Ijumaa yake alasiri. Baba hatakuomba, unamjua. Miaka tisa amehesabu hatua peke yake kuliko kukwambia kwamba umempungukia.

Msalimie sana wifi, mwambie kitenge chake kiko tayari. Wabusu wanangu, waambie Shangazi anataka vipimo vipya, maana watoto wa siku hizi wanarefuka kuliko pindo. Mama anakusalimu na anakukumbusha koti. Kisigino, ambaye hamjaonana, naye ametaka atajwe. Mungu akukinge na baridi hiyo, akulinde kazini, akusafirishe salama siku ukiamua kutugeukia.

Wako akupendaye siku zote,
Mdogo wako wa dirishani.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi Baba akaingia kutafuta kamba. Ameiona bahasha, akauliza kama ni ya kwako. Nikasema ndiyo, una neno? Akachukua kamba yake, akamwamsha paka, akageukia mlangoni. Anasema nikwambie kwamba mimi ninavuta.