Nimebuni Mwiko wa Wahenga Ili Nisizamie

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo boti ya chuo inaondoka, na mimi nikipanda nitaaibika, nikibaki nitaaibika zaidi.

Mimi ni mama wa makamo, Mvezo, wa kabila la wavuvi wa pwani, na kijiji changu kilichoko kusini mwa mji wa Toliara ndicho kilichonichagua nisome hapa mjini kozi ya sayansi ya bahari, ili nikirudi nisimamie sehemu ya mwamba tuliyoifunga isivuliwe ili pweza wazaliane. Darasani wenzangu wote ni watoto, na siku ya kwanza mwalimu wetu Bwana Andriamihaja, mtu wa milimani, alipouliza nani anaijua bahari, nilisimama peke yangu nikamjibu, "Mvezo hafundishwi bahari, mwalimu, tutakufundisha wewe," wakanipigia makofi nami nikayapokea. Kumbe mshauri, Mungu anajua, tangu niolewe nimeishi huku mjini nikiuza vitumbua, na bahari yangu ni ile ninayoiona nikienda kanisani. Tulipotoka mara ya kwanza kuhesabu samaki nilitapika hata bandari hatujaiacha, tena juu ya kamba ya kupimia, na kijana mmoja akasema, "Mama Perline, leo umekuwa mkulima," na wewe unajua kwetu neno hilo linauma kuliko kofi, kwa sababu Uvezo mtu hazaliwi nao, ni yale unayoyafanya majini.

Nikavishwa miwani na mrija wa kupumulia, nikavuta pumzi kwa pua, nikapaliwa, nikamkwida mwalimu shati. Safari ya pili, nilipoona mrija ule unanijia tena, ulimi ukaniteleza: "Siwezi, mwalimu. Ukoo wetu una mwiko, wanawake hawazamishi kichwa baharini."

Nilidhani atabisha. Alivua kofia. "Nisamehe, Mama, ningejua nisingekulazimisha." Tangu hapo nikawa nakaa kwenye boti kama malkia, nimekumbatia ndoo yangu ya kutapikia.

Ila cheti hakitoki bila kuzamia, na bila cheti kijiji hakina msimamizi. Basi mwalimu kwa wema wake amepanga Jumatatu, tukifika kijijini kwetu kwa mafunzo, amwendee mzee wa ukoo na chupa ya pombe ya heshima, amwombe autoe mwiko huo mbele ya darasa zima. Mzee mwenyewe ni baba yangu mkubwa Velonjara, ambaye mama yake mzazi alizamia pweza mpaka akapata vitukuu.

Na kuna Fenosoa, binti wa binamu yangu, amekulia mji wa mbali, Morondava, na mila za nyumbani hazijui vizuri. Ndiye mzamiaji bora wa darasa. Alinifuata macho yamemjaa machozi, "Mama mdogo, mbona hukuniambia? Mimi si wa ukoo huohuo? Nimezamia miaka yote hii." Nikamwambia, "Usijali mwanangu, wahenga wana huruma." Sasa hazamii tena. Anakaa nami, ananishikia ndoo. Jumapili niliongoza kwaya, tukaimba juu ya Bwana kutembea juu ya mawimbi, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Je, niseme naumwa? Au nimtangulie baba mkubwa nimwombe anifichie?

Perline, Toliara

MSHAURI ANAJIBU

Perline dada yangu, nimecheka mpaka nikaweka kalamu chini. Nilipofika kwa Fenosoa nikaacha.

Kutapika si kosa, na kuogopa maji si kosa. Huumwi, kwa hiyo usiseme unaumwa. Na mzee wa watu mwache, usimwingize kwenye uongo uzeeni. Ungetafuta udhuru mwingine wowote, tumbo, jino, ungetumika ukaisha. Wewe umetunga mwiko, na mwiko hurithiwa. Huyo binti atawakataza wanawe, nao watawakataza wao, mpaka siku moja wanawake wa kijiji chako wote wamekaa ufukoni wakiwatazama pweza kwa mbali, na hakuna anayejua kwamba mhenga aliyewakataza alikuwa muuza vitumbua aliyepaliwa na maji.

Mwalimu utamwambia kesho, kabla hajanunua hiyo chupa. Akikufukuza, amekufukuza kwa haki. Lakini mtu aliyekwidwa shati kisha akakuvulia kofia, nadhani atakuvumilia. Kijijini watangulie wenzako kwa mzee mwenyewe, mweleze ulivyowasingizia wahenga, umwombe akuombee radhi. Atacheka na kijiji kitacheka, nawe utakula wali wako hivyohivyo. Kwenye boti kaa katikati, macho yatazame nchi kavu, na acha kunywa chai ya maziwa kabla ya safari.

Ila uanze na Fenosoa, leo, ukimaliza kusoma hapa. Usimwambie wahenga wana huruma. Mwambie, "Nilidanganya." Kisha mwombe akufundishe kupumua kwa mdomo, kwenye maji ya kiunoni. Atakasirika sana. Mwache akasirike, mradi akasirike akiwa ndani ya maji.