Bawa Lililoiumbua Meza ya Baba

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu, Rubani,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu. Je, kile kikohozi kimekuachia? Na zamu za usiku umezizoea, au bado unasinzia juu ya sahani? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake hauna ugonjwa.

Nikutoe wasiwasi kwanza: ndege yako inaruka. Sasa naweza kukueleza kwamba ilianguka.

Tangu Baba aache useremala, ndege ile ya rimoti uliyomwachia ndiyo pekee iliyokuwa ikimtoa nyumbani. Mwezi uliopita aliigongesha kwenye uzio wa uwanja, bawa la kushoto likavunjika katikati. Hakuulaumu upepo. Aliitazama mikono yake, akasema imekwisha, akaitundika rimoti msumarini. Tangu hapo hakufika hata getini.

Nikaamua kulitengeneza bawa mwenyewe. Nilikata upya ule ubao mwembamba unaopita ndani yake kama uti wa mgongo, nikaunga mbavu kwa gundi, kisha nikalilaza juu ya meza ya kulia na kuligandamiza kwa vitabu vyangu vya chuo, ambavyo hatimaye vimepata kazi ya maana. Gundi ilipokauka, bawa lilikuwa imara, na limepinda kama kandambili iliyosahauliwa juani. Nilijilaumu, nikarudia; likapinda vilevile. Ndipo nikaishuku meza.

Meza ile, usisahau, Baba aliitengeneza kabla hatujazaliwa, na tumekua tukiambiwa kwamba ndiyo kitu kilichonyooka kuliko vyote humu ndani, sisi watoto tukiwemo. Nilipomwambia, alikuja mbio kuitetea, uzi mkononi. Tukauvuta kutoka pembe hadi pembe. Katikati, kidole changu kilipita chini ya uzi bila kuugusa.

Mama akadakia kutoka jikoni: "Ndiyo maana mchuzi huegemea upande mmoja wa sahani! Miaka yote hii nalaumiwa mimi!"

Baba aliinama, akatazama tena. Kisha akacheka mpaka akapaliwa. "Kumbe hata ujanani mikono ilikuwa hii hii! Na watu wamekula, na nyinyi mkasomea hapo hapo." Akaishusha rimoti msumarini.

Bawa tuliliunga upya juu ya kioo cha kabati, naye ndiye aliyelivalisha ile karatasi yake nyembamba ya plastiki, akiinyoosha kwa pasi. Jana uwanjani alinisogezea rimoti. "Anza wewe, mama." Nikaficha mikono nyuma. Akairusha ndege mwenyewe, ikapaa, ikauzunguka uwanja, ikatua ikiyumbayumba.

"Inavuta kushoto," akasema, macho yakiwa kwenye ndege, si kwenye mikono.

Jambo moja libaki kati yetu. Mbao hupinda kwa umri. Huenda meza ile ilikuwa imenyooka kabisa siku alipoimaliza. Sina hakika, na safari hii nimeona si lazima niwe nayo. Ukipiga simu, muulize habari za ndege. Meza usiiguse.

Msalimie sana wifi, na umbusu binti yenu, Bibi Maswali. Mwambie babu yake anamtafutia miwani ya kirubani. Mungu akutoe kazini salama kila alfajiri, na akulaze usingizi mzito.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unapochelewa kujibu.