Siku Moja ya Kupumzika

Ngamiani, Tanga
Ijumaa

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hitima ya arobaini ya babu yako tumeisoma salama, na shangazi yako amesharudi kwake Pangani. Kitanda cha babu bado sijakitoa chumbani.

Umeniuliza huo muswada wa sheria mnaouandika huko kazini kwako uwape nini watu wanaouguza nyumbani.

Nilipokuwa msichana nilimuuguza mama, aliyepooza, miaka minne. Rafiki yangu Saumu alipoolewa, nilimwomba kaka yangu akae na mama siku hiyo moja tu. Alikuwa barazani na wenzake, wanakunywa kahawa. Akapaza sauti, "Jamani, mmesikia? Mama amemchosha!" Wakacheka. Mmoja akadakia, "Mwenzio alikubeba miezi tisa, bibie, wala hakuomba likizo!"

Nikarudi ndani kumgeuza mama. Alikuwa amesikia. Tangu siku ile, kila nilipomgeuza aliniomba radhi.

Sikuomba tena. Babu yako alipougua, jirani aliniambia, "Nenda hata sokoni, mimi nitamwangalia." Nikamjibu sijachoka. Nilikuwa nimechoka hata siku nyingine nikamchukia babu yako, na nadhani alijua.

Kwa hiyo msiandike kwamba anayeuguza ana haki ya kuomba mapumziko. Hataomba. Andikeni kwamba mtu wa serikali atakuja mwenyewe, abishe hodi, akae na mgonjwa, bila kuitwa.

Mkifika kwenye kifungu hicho, unikumbuke.

Bibi yako,
Mwanahamisi